Besi Anaita

Paskalina ameondoka Jumapili.
Hakuaga. Ameacha shuka zimekunjwa juu ya kreti,
funguo ndani ya kikombe cha chai,
na ujumbe wa herufi kubwa tupu:
DADA NISAMEHE NIMEPATA SALUNI BABATI
WATOTO WASIKOSE UJI.

Basi Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri,
baridi ya Julai, Kijenge,
Mlima Meru umejivuta mawingu hadi kidevuni
na mimi nimesimama mlangoni kwa Bi Zuhura,
Ndeshi mgongoni,
Elinami mkononi, anatembea huku amelala.
Maneno niliyoyapanga usiku kucha
yamenitoka yote.
Bi Zuhura, mtu wa Kondoa, haulizi.
Anatazama viatu vya mtoto, cha kushoto kimevaliwa kulia.
Anacheka puani.
"Walete. Leo nakaanga maandazi mengi, kelele zitanifaa."
Namtajia pesa. Ananikazia macho
kama niliyemwagia mafiga yake maji.
"Nenda, utachelewa."

Deni la namna hii halina risiti.
Nalibeba hadi kazini.

Kazini ni chumba kimoja nyuma ya gereji:
redio koli, ramani ukutani, kiti kilichopoteza gurudumu.
Magari kumi na manne ya watalii
yananiita kwa jina moja.
Besi, besi, gari la tisa, nipo Naabi.
Besi, springi imekatika Ndutu, nina wazee wanne na jua.
Najua nani kamwona chui, nani kapata pancha,
nani kaishiwa maji ya kunywa karibu na Lobo.
Nakupata. Nakupata. Rudia.
Niulize wako wapi, nitakuwekea kidole kwenye ramani.
Niulize Ndeshi amekula nini,
naingiza mkono chini ya meza, napiga simu,
inaita,
inaita.
Bi Zuhura mikono imejaa unga.

Saa saba kasoro ukaja ujumbe wa sauti.
Mafuta yanachacharika. Elinami anahesabu maandazi:
nne, tano, saba, nane
(sita hajawahi kuipenda)
na nyuma yake Ndeshi anacheka,
anacheka mpaka kwikwi,
kwa jambo ambalo sitalijua kamwe.
Nimesikiliza mara tatu.
Gari la tisa linasubiri.
Besi? Besi, unanipata?
Sikumpata.

Jioni nimewakuta wameoga, wana mafuta hadi masikioni.
Nywele za Ndeshi zinanuka iliki,
harufu ya jiko lisilo langu.
Njiani, shavu begani kwangu, usingizini,
amemwita Bi Zuhura "mama".
Imeniunguza kidogo, kama kidole kugusa sufuria.
Nikapuliza. Nikatembea.
Nani alaumiwe kwa mtoto kupendwa?

Nyumbani vyombo vya jana vinaningoja,
sare haijafuliwa, mkaa umebaki vumbi.
Elinami kaingia uvunguni mwa meza
na boksi la sabuni mdomoni:
"Besi, besi. Gari la Elinami. Nimekwama. Kuna simba."
Simba ana miaka mitatu, kavaa sweta langu,
ananguruma na kukohoa.
Vyombo, ngojeni.
Nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji,
baridi ikanipanda kifuani,
nikajibu kwa sauti ile ya kazini:
"Nakupata, gari la Elinami. Usishuke. Nakuja mwenyewe."
"Utachukua muda gani, besi?"
Mtu mzima hajawahi kuniuliza hivyo na nikakosa jibu.
Nikatambaa.

Sasa wamelala. Napanga viatu mlangoni kwa ajili ya kesho,
cha kushoto kushoto, cha kulia kulia.
Elinami anafumbua jicho moja.
"Mama, usivipange.
Navaa hivyo makusudi.
Bi Zuhura akicheka, wewe unaacha kulia."